Mate ya Jioni

Walimzika Eedo Fadumo, shangazi wa kila mtu, kabla jua halijawa kali. Sisi wanawake tulibaki nyumbani kwake Bula Iftin, na mimi, kwa kuwa mikono yangu haijui kukaa bure kwenye msiba, nikashika jiko. Nilichemsha chai kwenye sufuria yake kubwa, ile aliyokuwa akiniazima kila nilipopata kazi ya kupikia watu, na kila nikifunua mfuniko ilinipanda harufu ya moshi wa maziwa ya ngamia, iliyoingia humo na haitoki hata ukisugua kwa jivu. Chumbani watu wazima walikuwa wakisema ni kadari. Alikuwa akichuja maziwa asubuhi, upande mmoja wa mwili ukalala, mdomo ukaenda kando, na kesho yake akaondoka. Kiharusi, alisema muuguzi, presha ya miaka mingi. Kadari, walisema wanawake, nami nikaitikia amina ingawa mimi ni Mkristo wa kutoka Mwingi, maana nyumba ya msiba si mahali pa kubishana. Lakini moyo wangu ulikuwa unasema mengine. Kadari ya Mungu siipingi. Ila Mungu hakuwa na mradi hapa Garissa. Mradi ulikuwa na wenyewe, na wenyewe wana majina: Gideon aliyekuwa mkubwa wao, Madam Lilian aliyekuwa mwalimu wetu, na Bashir aliyekuwa mdomo wao kwa watu. Nawataja mapema ili mtu asije akasema nimewasengenya.

Mwaka wa mradi huo ulikuwa ule uliofuata baada ya lori kulipuliwa. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, na bado nikijiona msichana. Lori lilikuwa linaelekea Liboi. Mimi nilikuwa nakwenda kupika kwenye kambi ya wachimba visima, Fadumo anakwenda kuangalia ngamia wa kaka zake, na hatukuwa tunajuana zaidi ya kusogezeana magunia tukae vizuri. Likakanyaga bomu lililotegwa barabarani. Sielezi zaidi. Waliotaka kuelezwa walielezwa mpaka wakashiba, kila mmoja na kalamu yake na chupa yake ya maji baridi. Inatosha kusema kwamba sisi tuliotoka hai tulitoka nusu. Sikio langu la kulia linapiga filimbi mpaka leo, na mikono ikaanza kutetemeka, nikawa mpishi ambaye hawezi kumimina chai bila kuchoma mtu. Fadumo hakupata hata mkwaruzo. Alipangusa vumbi kwenye baibui, akakaa kando ya barabara, na tangu siku hiyo moyo wake ukawa unakimbia peke yake. Yuko kwenye mkeka, hana neno na mtu, moyo unakimbia kama wa mtu anayefukuzwa na fisi. Gari hakupanda tena. Alitembea kwa miguu kutoka kwake mpaka soko la maziwa na kurudi, na dumu mgongoni, na watu wakamcheka kwamba amerudi kuwa msichana wa malishoni.

Ndipo mradi ukaja. Walikodi ukumbi wenye paa la mabati karibu na mto, wakapaka rangi ya samawati mpaka nusu ya ukuta, rangi ikaisha. Juu ya paa walikaa wale korongo wakubwa wa Garissa wenye shingo za upele, na kinyesi chao kiliteremka dirishani kama chokaa. Ndani kulikuwa na feni moja iliyoelekezwa kwenye meza ya Gideon. Mimi nilipewa kazi ya kupika chai na anjera, chapati laini za Kisomali, kwa kuwa nilikuwa mpishi, na nafasi ya kufunzwa kwa kuwa nilikuwa nimelipuliwa, kwa hiyo nilikuwa mtu wa jikoni na mtu wa mkekani kwa pamoja. Bashir ndiye aliyezunguka bula kwa bula, mtaa kwa mtaa, akitukusanya. Alikuwa na ulimi mtamu, anamwita kila mwanamke abaayo, dada, hata wale wa umri wa mama yake, nao walipenda. Alituambia mambo mawili. La kwanza, mtafunzwa namna ya kutuliza mwili. La pili, nyuma ya ukumbi kuna chumba, na kila Alhamisi atakuja daktari humo, na anayehudhuria mafunzo ndiye atakayeingia kwa daktari. Hilo la pili ndilo lililotutoa majumbani. Mtu asije akadanganya kwamba tulifuata pumzi.

Madam Lilian alitoka Nakuru, mwembamba, viatu vya kamba, sauti ya chini kama anaongea na mtoto aliyelala. Nasema kweli, alikuwa anajua kufundisha. Alitueleza kwamba juu ya figo kuna vitezi viwili vidogo, mtu akistuka vinamwaga homoni, homoni inaamsha moyo, inapandisha presha, inapeleka sukari miguuni ili ukimbie. Hatari ikipita inashuka. Asubuhi pia inapanda yenyewe, hata kama huna shida na mtu, ili ikuamshe, na jioni inashuka ili ulale. Lakini mwili ulioona mabaya husahau kwamba hatari imepita. Unabaki unamwaga, au unamwaga ovyo. Mafunzo, alisema, ni kuuambia mwili kwamba imetosha, na mwili hausikii maneno, unasikia pumzi. Basi tukalala kwenye mikeka, tukavuta hewa polepole, tukaishikilia, tukaitoa kwa mdomo uliokunjwa kama anayepuliza chai. Tukakunja ngumi na kuachia, tukakunja vidole vya miguu na kuachia. Fadumo hakuacha kunung'unika. "Mimi nabumua tangu mama yangu anizae," alisema, kwa Kiswahili chake kisichokuwa na subira na herufi zetu, "nani amekufa hapa ndio tufundishwe kubumua?" Watu wakacheka mpaka pumzi zikavurugika, na Madam Lilian mwenyewe akacheka, akiwa ameziba mdomo.

Siku nyingine alituambia tufumbe macho tufikirie mahali penye amani. Akatusaidia kwa kutupa bahari, mawimbi yanakuja, mawimbi yanarudi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona bahari. Maji tuliyoyajua ni Tana ikifurika, inabeba mbuzi na milango ya watu. Mama mmoja akaanza kulia. Fadumo akafumbua jicho moja akamwambia, "Madam, toa hiyo maji yako. Mimi nafikiri ngamia wangu kisimani, wamekunywa, wamekaa." Madam Lilian akasema vyema, kila mtu achukue kilicho chake. Fadumo akaona amepata nafasi, akaendelea: ngamia jike akistuka hatoi maziwa, anayazuia juu, na mchungaji hamfundishi kupumua, anamfukuza fisi kwanza. Mimi nilidhani mwalimu atakasirika. Hakukasirika. Alimwambia, "Ni kweli, Eedo. Lakini ngamia huwezi kumwambia fisi ameshaondoka. Wewe unaweza kuambiwa." Fadumo akafikiri, akalala tena kwenye mkeka na kupumua kama wengine. Nikampenda yule mwanamke siku hiyo. Nalisema ili mjue kwamba nilianza kwa kumpenda, na uchafu unaonuka zaidi ni ule uliomo kwenye chombo ulichokuwa unakipenda.

Maana mafunzo yenyewe hayakuwa uongo. Hapo ndipo ninaponyongwa na karaha. Yangekuwa ni uongo mtupu ningetema nikaenda zangu. Siku moja gurudumu la lori lilipasuka barabarani, mimi nikajikuta chini ya meza ya jikoni na bakuli la unga limenimwagikia kichwani. Nilivuta pumzi kama tulivyofundishwa, nikaachia, nikavuta, mpaka filimbi ya sikio ikapungua. Halafu nikasimama, nikashika birika, nikamimina vikombe vyote bila kumwaga. Fadumo alikuwa mlangoni. Akaitazama mikono yangu, kisha akasema, kwa Kisomali na kwa Kiswahili, sifa zote ni za Mungu, na akachukua kikombe. Mpaka leo, nikiwa na hasira kama hii, napumua vilevile. Nawachukia, na pumzi yao iko kifuani mwangu.

Lakini Fadumo, pumzi ilimsaidia juu juu tu. Kilichomweka hai kilikuwa kile chumba cha nyuma. Daktari alikuwa mzee, mstaafu, anakuja na mkoba wa ngozi uliochubuka na chupa yake ya chai ya maziwa. Alimfunga kile kitambaa mkononi, akapampu, akasikiliza, akatikisa kichwa. Presha ilikuwa juu sana. Akampa vidonge na kumwambia vinywewe kila siku, awe anajisikia vibaya au vizuri. Baada ya muda Fadumo akaanza kulala. Akaacha kushika shingo kila saa akitafuta mshipa. Akawa anakuja Alhamisi amejipaka hina, na akitoka kwa daktari anapita jikoni kwangu, anafungua nyirinyiri, nyama kavu ya kukaangwa, aliyokuja nayo kwenye mkebe, tunakula kwa vidole, samli inachuruzika mpaka kwenye viwiko. Alinifundisha kutukana kwa Kisomali. Mimi nilimfundisha kupika muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, akasema ni chakula cha punda lakini akaongeza. Wakati huo nilijua kwamba tukiweza tu kubaki na kile chumba, tutazeeka pamoja.

Sasa mate. Wafadhili walitaka kuona kwa macho kwamba mafunzo yanashusha homoni, na homoni hiyo inapatikana kwenye mate. Kwa hiyo mwanzoni kabisa, kabla ya somo la kwanza, tulipewa kila mtu kichupa chenye kipande cha pamba. Ukiamka tu, kabla hujapiga mswaki, kabla ya maji, kabla hata ya kusukutua mdomo kwa udhu wa swala, weka pamba chini ya ulimi, ingoje ilowe, irudishe. Wanawake walikataa. Mate ya mtu si kitu cha kumwachia mgeni, watu wanasema yanaweza kufanyiwa mambo. Bashir akaenda nyumba kwa nyumba. Sisi huku tunajua kwamba sheikh akisoma aya juu ya maji na kuyapulizia, maji yale yanakuwa dawa. Basi Bashir akawanong'oneza akina mama kwamba haya nayo ni karibu na hayo, kwamba Nairobi kuna watu wema wataombea. Wakatoa. Niliona vile vichupa vikiwekwa kwenye kasha la barafu, na niliona Gideon akilifungua kasha hilohilo mchana, akisukuma vichupa kando kwa mkono na kutoa soda yake kutoka chini. Alipangusa chupa kwenye suruali akanywa. Tangu hapo nikimwona akitabasamu naona mate.

Miezi ikaenda, ukaja wakati wa kupima mara ya pili ili ionekane tumebadilika kiasi gani. Ukaangukia Ramadhani. Mtu yeyote aliyekaa huku wiki moja angejua kilichofuata: hakuna mwanamke mwenye saumu atakayeweka pamba mdomoni mchana, hata umwitie sheikh wa Makka. Na asubuhi yenyewe imepinduka. Watu wanaamka kula daku, wanaswali, wanalala tena, wanaamka jua limepanda. Huko kuamka kwao ni kupi? Nilikuwa jikoni nikipanga sambusa za futari, maana mradi ulikuwa umeamua kutufuturisha ili tusipungue. Jikoni kulikuwa na kidirisha cha kupitishia vyakula, na sikio langu la kushoto halina ubaya wowote. Gideon na Madam Lilian walikuwa wamekaa upande wa pili, wanakunywa chai niliyowapelekea, mlango wamefunga ili wafungaji wasione.

"Sampuli za kwanza tulichukua wanapoamka," alisema Madam Lilian. "Hizi tukichukua jioni zitakuwa chini tu. Hata yangu itakuwa chini. Hata yako, Gideon, na hujawahi kuja darasani."

"Si tunataka zishuke?"

"Tungoje Idi ipite, watu warudie usingizi wao. Tupime asubuhi kwa asubuhi."

"Wafadhili hawafungi Ramadhani, Lilian. Ripoti ni mwisho wa mwezi. Bila ripoti hakuna mimi wala wewe hapa."

Nilisikia kijiko kikizunguka kikombeni, kinazunguka, kinazunguka. Nilikuwa nimesimama na sambusa mkononi, mafuta yananitiririka, nikiomba yule mwanamke afungue mdomo. Akaufungua. Akauliza kama kuna chai nyingine.

Nilimtafuta Bashir jioni hiyohiyo nikamweleza. Hakushangaa, na kutoshangaa kwake ndiko kulikonistua. Akaniambia abaayo Rosa, haya mambo ni ya wasomi, ukiyachokonoa watafunga mradi, na mradi ukifungwa daktari anaenda, unataka Fadumo afie mikononi mwako? Nikanyamaza. Si kwamba alinidanganya. Mimi mwenyewe nilikuwa naogopa hivyohivyo. Nilimweleza Fadumo pia, yeye akacheka tu. Alisema wachukue mate ya asubuhi, ya jioni, wachukue na makohozi wakitaka, bora Alhamisi ibaki Alhamisi.

Basi wakachukua. Adhana ikilia, watu wanakula tende, uji, sambusa, wanaswali, wanarudi kwenye mkeka wamejaa, wamepoa, macho yanasinzia, na Bashir anapita na vichupa. Wengine walikuwa bado wanatafuna. Pamba zilitoka za manjano kwa bizari na zinang'aa mafuta. Kichupa kimoja kilikuwa na kipande cha kitunguu, nilikiona kwa macho yangu, kikazibwa hivyohivyo na kuingia kwenye barafu. Madam Lilian alikuwa anaandika majina. Hakuinua kichwa hata mara moja.

Baada ya Idi tuliitwa kwenye mkutano wa mwisho wa mwaka. Walikuja wageni wa Nairobi, wakapewa viti vya mito, sisi mikeka. Feni ikaelekezwa kwao. Gideon akasimama mbele ya shuka jeupe lililotundikwa ukutani, akaonyesha mstari mwekundu ulioanzia juu na kuteremka mpaka chini, akasema hiyo ndiyo homoni yenu, hapa mlivyokuja, hapa mlivyo sasa. Wageni wakapiga makofi. Bashir alikuwa anatafsiri kwa Kisomali. Gideon alisema homoni zimeshuka, Bashir akageuka kwa akina mama akasema, "Waad bogsateen." Kisomali changu ni cha soko na matusi, lakini neno hilo nalijua. Mmepona. Sikusikia Gideon akimsahihisha, na Gideon alikuwa amekaa Garissa muda wa kutosha kujua neno hilo pia. Fadumo alikuwa kando yangu. Nilimwona usoni akilipokea kama mtu anayepokea mtoto.

Gideon akaendelea. Kwa kuwa mwili umetulia, alisema, mradi sasa unahamia kwa wengine wenye shida zaidi, na huduma ya daktari itakoma mwezi huo, kwa maana haihitajiki tena. Hapo ndipo nilipoelewa walichotufanyia. Tulinyamaza ili tusifunge chumba, na chumba kikafungwa na ile ile takataka tuliyoinyamazia. Nikasimama. Sikuwa nimewahi kusema mbele ya watu wenye viti vya mito, na mikono ilikuwa inapiga mapaja yenyewe. Nikasema hayo mate ya kwanza yalikuwa ya asubuhi na haya ni ya jioni, na Madam alitufundisha mwenyewe kwamba jioni huwa chini kwa kila mtu, na watu walikuwa wametoka kula. Gideon alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akaniuliza kwa sauti ya upole:

"Mama, samahani, umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la nne."

Akatabasamu kwa wageni. Wageni wakacheka kidogo, halafu mikekani pia wakacheka, watu wangu, waliolipuliwa na mimi, kwa kuwa mkubwa amecheka. Fadumo hakucheka. Alinivuta shuka nikae. Lakini mimi nilikuwa namtazama mtu mmoja tu. Nikamwambia, "Madam Lilian, sema wewe. Uliyasema kwa kinywa chako, nilikusikia." Juu ya mabati nikasikia kucha za korongo. Alikuwa amekaa mwisho wa mstari wa viti, magoti pamoja, anavuta pumzi polepole, anaishikilia, anaitoa kwa mdomo uliokunjwa. Alikuwa anajituliza. Mbele yetu, kwa dawa aliyotufundisha sisi.

"Mwili wa kila mtu una njia yake, Rosa," alisema.

Nimeona mambo mabaya. Nimeona lori likifunguka kama kopo. Lakini kile kilichonipanda kooni siku hiyo hakijawahi kunipanda tena, nikatoka nje nikatapika kando ya ukuta wa samawati, na niliporudi walikuwa wanagawa pilau.

Alhamisi ya mwisho daktari mzee alimpima Fadumo, akatikisa kichwa kama kawaida yake. Akamwambia presha yake haijaona mchoro wa mtu yeyote, na vidonge asiviache. Fadumo akamshukuru, akambusu mkono. Kisha akaviacha. Vilipokwisha hakwenda kutafuta vingine. Nilimfuata, nikamgombeza, nikamwita mkaidi, nikataka kumpeleka hospitali kubwa kwa mkono. Aliniambia dawa ni ya mgonjwa, na yeye alitangazwa mbele ya watu, kwa lugha yake, kwamba amepona. Mtu akishapewa uponyaji na Mungu halafu anywe vidonge, si ni kumwambia Mungu sikuamini? Nikamwambia si Mungu aliyesema, ni Bashir. Akacheka, akanipa nyirinyiri. Tumebishana hivyo miaka yote hii, tukila, mpaka nywele zake zikawa nyeupe chini ya hina na zangu zikaanza kufuata. Miaka yote hiyo mshipa wa shingo yake ulikuwa unaruka, nauona nikiwa upande wa pili wa sahani.

Siku ya tatu ya msiba Bashir akaja. Ana ndevu nyekundu za hina sasa, na tumbo. Aliwapa pole wanaume, kisha akasimama mlango wa jiko akaniita abaayo. Akalia kidogo, na nadhani alilia kweli, sijui. Halafu akaeleza. Gideon anarudi. Ni mkubwa zaidi siku hizi, ana ofisi ya ghorofa, na ule mstari wetu umezunguka naye kila mahali. Wanataka kuleta mafunzo yaleyale hapa, na Hulugho, na Buna kule Wajir. Madam Lilian ndiye anayefundisha walimu. Kinachokosekana ni mtu wa kundi la kwanza wa kusimama mbele ya kamera aseme alikuwa vile na sasa ni hivi. Wengi wamehama, wengine wamekufa. "Wewe unajua kuongea," aliniambia. "Sema tu ulipona. Mikono yako si imetulia?"

Nikaitazama mikono yangu. Imetulia, ndiyo. Nilikuwa nimeshika kisu cha vitunguu. Nikamuuliza kama safari hii kutakuwa na daktari. Akasema picha ikitoka nzuri wafadhili watatoa na daktari, hilo Gideon ameahidi. Nyuma yangu chumba kilikuwa kimejaa wanawake wamekaa ukutani. Dada yake Fadumo alikuwa amenyoosha miguu iliyovimba kama mito, na anashika shingo, anatafuta mshipa, vilevile. Binti yake alikuwa anampepea kwa kipande cha boksi. Hakuna aliyekuwa akimpima. Nilijua nitasema nini kabla sijataka kulisema, na kinyaa kikanijaa mdomoni mpaka meno yakawa machachu.

"Mwambie Gideon amlete daktari kwanza," nilimwambia. "Amketishe, mlango uwe wazi, na huyu mwenye miguu iliyovimba aingie wa kwanza, apimwe nikiona, apewe dawa nikiona. Kamera ingoje nje. Daktari akishakaa kwenye kiti, mimi nitapona."